Makombo ya Mgeni Rasmi

Ukitaka kujua mtu mzima anaweza kuwa mjinga kiasi gani, mpe ufunguo. Mpe ufunguo, umwite mwenyekiti, halafu kaa kando utazame. Hivyo ndivyo Chepchirchir alivyozoea kusema kila alipopita mbele ya ile maktaba, na alipita mbele yake asubuhi na jioni, kwa sababu ilikuwa imejengwa ndani ya shamba lake mwenyewe.

Nyumba ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Kuta za mawe, mabati mekundu, sakafu ya simiti iliyosuguliwa mpaka unaogopa kuikanyaga. Ndani mlikuwa na makabati ya vioo, na ndani ya makabati mlikuwa na vitabu vya watoto vilivyoletwa na kanisa fulani la ng'ambo, maboksi kwa maboksi. Na mlangoni palikuwa na kufuli kubwa kama ngumi ya mlevi. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, yakaanza kuliwa na panya ghalani, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameingia mle kufungua ukurasa. Walikuwa wanangoja mgeni rasmi.

"Mgeni rasmi!" Chepchirchir angesema, kisha angetema mate kando ya njia. "Kwani yeye ndiye anajifunza kusoma?"

Jina lake ni jina la mtoto aliyezaliwa upesi, kabla mkunga hajafunga leso. Kungoja hakukuwa ndani ya damu yake.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri, kama yanavyoanza mambo mengi ya kijinga. Chepchirchir alikuwa mjane mwenye wajukuu, akiishi kwa chai yake juu kidogo ya barabara ya Litein, na alikuwa na mazoea yake. Jioni watu wanapopeleka majani bandani kupimwa, lori la kiwanda huchelewa. Ni desturi yake. Likiwahi, watu huulizana kama kuna msiba. Basi watoto waliobeba vikapu vya mama zao walikuwa wakikaa pale bandani wakisukumana na kurushiana majani mpaka karani awafukuze. Chepchirchir, aliyesomeshwa na wamishonari miaka michache tu lakini hakusahau hata herufi moja, akaanza kuwasomea. Alisoma chochote kilichomjia mkononi: gazeti lililofungiwa sukari, maelezo ya dawa ya kupe, na kitabu kimoja cha hadithi kilichokuwa hakina jalada wala mwisho. Watoto wakanyamaza. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Baadaye wakawa wanamnyang'anya ile karatasi wasome wenyewe, Wakipsigis na Wakisii pamoja, vidole vyao vyeusi kwa utomvu wa chai.

Kile kitabu kisicho na mwisho ndicho kilichomsumbua. Kilikuwa na msichana aliyeingia mto uliofurika ili amfuate ndama, na hapo kurasa zikaisha. "Kogo," watoto walimwuliza, maana Kogo ni nyanya kwa lugha yao, "halafu alivuka?" Kila siku walimwuliza, na kila siku Chepchirchir aliona aibu kama mtu aliyealika watu chakula akakuta sufuria tupu.

Kwa hiyo, padri mmoja mgeni alipopita na kusema kwamba vitabu vinaweza kupatikana ikiwa wenyeji watajenga nyumba, Chepchirchir alikuwa wa kwanza kusimama. Kamati ikaundwa. Uenyekiti akapewa Mathew arap Koros, karani mstaafu wa mashamba makubwa ya Kericho, kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa na koti. Mtu wa kalamu tatu mfukoni, na ukiomba moja uandike jina hakuna yenye wino. Lakini huku kwetu koti ni shahada.

Ilipofika suala la kiwanja, wenye mashamba makubwa walianza kukohoa. Mmoja alikumbuka ana wana wengi. Mwingine alikumbuka ng'ombe wake wana mimba. Mathew mwenyewe, mwenye shamba linaloshuka hadi mtoni, alisema yeye atatoa uongozi. Chepchirchir akasikiliza kikohozi chao mpaka akachoka.

"Jengeni kwangu," alisema. "Pale pembeni, karibu na banda."

Watu waligeuka kumtazama, kwa kuwa pale pembeni palikuwa na chai.

Hapo lazima mtu aelewe. Huku chai haing'olewi. Unaweza kuuza ng'ombe, unaweza kumfukuza mwana nyumbani, lakini mche wa chai ukishaingia ardhini una wenyewe; huung'oi mpaka ofisi ya chai ikupe ruhusa, na ofisi haina haraka. Arasa, jirani wa chini, Mkisii mpole asiye na neno na mtu, aliwahi kung'oa michache apande vitunguu. Aliyekimbia kumshtaki kwa chifu alikuwa huyu huyu Mathew. "Leo chai, kesho ni nini?" alifoka siku ile. "Anayeng'oa chai anang'oa kijiji!" Arasa alirudisha miche ardhini huku watu wote wakimtazama, na Mathew akisimama juu yake amekunja mikono, akimwonyesha kwa kiatu mahali pa kuchimba.

Ruhusa ya kiwanja cha maktaba ilichukua msimu mzima. Mathew aliandika barua, akaandika nyingine, na kwa kila barua alijisifu kana kwamba ameandika Biblia. Ilipofika, Chepchirchir alishika jembe mwenyewe. Ile ilikuwa chai aliyoipanda na marehemu mumewe, Johana, mwaka waliooana. Ndiyo iliyolipa karo, ndiyo iliyomzika Johana kwa heshima, na sehemu ile ndiyo iliyokuwa ikichipua kuliko zote. Mizizi ilikuwa mirefu na ilikataa kutoka. Alilia wazi wazi, kamasi na machozi, na hakumficha mtu.

"Si majuto," aliwaambia wanawake waliokuja kumsaidia. "Nalilia chai tu. Watoto watasoma hapa."

Basi nyumba ikasimama, vitabu vikaja, na Mathew akafunga kufuli. Akapigilia na madirisha misumari, wezi wasije. Akaamuru vitabu vibaki ndani ya karatasi za nailoni vilivyokuja nazo, vumbi lisije. Akatia ufunguo kwenye kamba, kamba akaivaa shingoni, na kuanzia siku hiyo akawa anatembea kifua mbele kama jogoo aliyemeza sarafu.

Chepchirchir alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba, anakunywa chai, koti limevaliwa ingawa jua lilikuwa kali.

"Chamgei, arap Koros."

"Chamgei mising, Mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja ufungue ile nyumba, watoto wananingoja bandani."

Mathew alicheka kwa huruma, kile kicheko cha mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi hauanguki. "Mama, nyumba haijafunguliwa rasmi. Tumemwalika Mheshimiwa. Yeye ndiye atakata utepe."

"Akate akija. Watoto wasome sasa."

"Wewe ukialika mgeni nyumbani, unatanguliza watoto kula, halafu mgeni unampa makombo?"

"Kitabu si nyama, Mathew. Kikisomwa hakipungui."

"Watakishika na ile mikono ya utomvu. Mheshimiwa akute alama za vidole? Hayo ni makombo, Mama. Haya ni mambo ya protokali, huwezi kuelewa."

Chepchirchir alitamani kumzaba kofi. Alijizuia kwa ajili ya mke wa Mathew tu, mwanamke mwema ambaye alikuwa na taabu ya kutosha. Aliondoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa akiongea peke yake.

Mheshimiwa hakuja. Mara ya kwanza alikuwa na mazishi. Mara ya pili alikuwa na harambee Kapkatet, ambako palikuwa na watu wengi zaidi wa kumpigia makofi. Mara ya tatu alianza safari kweli, lakini mvua ilikuwa imenyesha, gari lake likateleza kwenye tope, akaona viatu vyake ni vya maana kuliko sisi, akageuza. Na kila mara ilikuwa sarakasi ile ile. Wanawake waliitwa kupaka mawe chokaa. Watoto walifundishwa wimbo wa kumsifu mtu ambaye hawakumjua hata kwa picha. Mursik, yale maziwa ya mgando, ilitiwa kwenye kibuyu kilichopambwa shanga, na dume la ng'ombe likachinjwa. Jioni, mgeni akiisha kukosa kuja, kamati ilikaa chini ikala lile dume lote, kwa sababu nyama haingoji. Nyama haingoji, lakini vitabu vingoje! Chepchirchir aliwatazama wakifuta mafuta mdomoni.

Tena kulikuwa na lile jiwe la ukumbusho, lililobandikwa ukutani kando ya mlango. Lilichongwa jina la Mheshimiwa kwa herufi kubwa, jina la Mathew kwa herufi kubwa karibu sawa na hizo, na tarehe. Jina la mwenye shamba halikuwemo, na wala hakulitaka huko. Tarehe ilipopita, Mathew alimwita fundi Ombati akaikwangua, akaziba kwa simiti, akachonga nyingine. Ikapita nayo. Ombati akarudi na patasi yake. Mwishowe pale penye tarehe palikuwa na shimo kama jino bovu, na Ombati akasema waziwazi kwamba akigonga mara moja zaidi jiwe zima litamwangukia mguuni.

"Si muandike tu 'siku moja'?" alipendekeza. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mathew hakucheka.

Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa iliumiza zaidi ya matumbo. Mvua za mwezi wa nne ziliingia na zikakaa. Huku mvua ikija haipiti, inahamia. Siku moja Chepchirchir alikuwa akichuma mstari ulio karibu na ile nyumba, akasikia harufu ikitoka chini ya mlango. Aliijua. Aliweka kikapu chini, akasogea dirishani, akapangusa kioo kwa leso. Ndani, vioo vya makabati vilikuwa vinatoka jasho. Nyuma ya jasho aliona kitu cha kijani kibichi kimetambaa juu ya migongo ya vitabu.

Alirudi mbio kwa Mathew, matope hadi magotini.

"Vitabu vinaoza."

"Haiwezekani. Vimefungwa vizuri."

"Ndiyo maana vinaoza! Wewe si mtu wa chai? Ukishindilia majani mabichi kwenye gunia la nailoni ukalifunga, yanafanya nini? Yanapata moto, yanageuka mekundu, karani anayamwaga. Hata mtoto wa nasari anajua. Fungua madirisha, Mathew. Usimruhusu mtu asome, sawa, lakini fungua upepo uingie."

Mathew alitikisa kichwa polepole. "Mama, hivyo vitabu vimetoka ng'ambo. Ng'ambo kuna barafu. Barafu haikuviharibu, mvua ya Kericho ndiyo itaviharibu?"

Chepchirchir alimtazama. Kuna ujinga mwingine ni laini, ukiupiga ngumi mkono unazama. Aliona waziwazi sasa kilichokuwa kikitendeka: aling'oa chai ya Johana ili watoto wapate hadithi zenye mwisho, na mtu huyu angezikalia hadi ziwe mbolea.

Jirani yake Nyanchoka, mama wa watoto wanne, wote wasomaji wa bandani, alipandwa na hasira aliposikia. Nyanchoka alikuwa mwanamke wa mabega mapana, asiyependa maneno mengi. "Leta nondo," alisema. "Ile kufuli ni ya jana tu. Nikiipiga moja inamlilia mama yake."

"Hapana."

"Yaaye! Unamwogopa yule?"

"Nimwogope nani? Nikivunja, kesho mimi ni mwizi na hao watoto ni watoto wa mwizi, na yeye ndiye mlinzi wa mali. Sitampa raha hiyo. Atafungua mwenyewe. Kwa mkono wake, mbele ya watu."

"Na visipobaki?"

Usingizi ulimkataa Chepchirchir kwa wiki nzima.

Habari ikaja kwamba Mheshimiwa sasa anakuja kweli, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na alikuwa amekumbuka ghafla kwamba huku pia kuna watu. Chokaa ikapakwa upya. Wimbo ukakaririwa upya. Dume lingine likaaga dunia. Ombati alitia tarehe kwa rangi, akakataa kushika patasi.

Siku yenyewe ilipambazuka na jua zuri, lile jua la Kericho linalowaka asubuhi kama linajua litafukuzwa na mvua mchana. Watoto walipangwa mstari mapema wakiwa hawajala. Walisimama, wakasimama. Mtoto mmoja alianguka kwa kizunguzungu, Mathew akaamuru apelekwe nyuma asiharibu mstari. Magari yalipotokea jua lilikuwa limeshafika utosini.

Mheshimiwa alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, mwenye saa ya dhahabu aliyoitazama kuliko alivyotazama watu. Aliinywa mursik, akakunja uso, akasema ni tamu. Alihutubu kwamba vijana ni viongozi wa kesho. Kwa nini ni wa kesho kila siku, hakueleza. Alikata utepe. Mathew, jasho likimtiririka, alivua kamba shingoni, akatia ufunguo kwenye kufuli, na kufuli lililokuwa limeshika kutu likakataa. Alilitikisa. Alilisihi kwa sauti ya chini. Mwishowe likakubali kwa mlio mbaya, na mlango ukafunguka.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Watu wa mbele walirudi nyuma wakakanyaga watu wa nyuma.

Chepchirchir alijipenyeza hadi mlangoni akaona yote. Mpiga picha alitaka Mheshimiwa ashike kitabu. Mathew alifungua kabati, akachana nailoni, akavuta kitabu kimoja; vikaja vitatu, vimegandamana kama mikate iliyoungua. Alivuta kingine. Jalada likabaki limeganda kwenye kitabu cha jirani, kurasa zikamjia mkononi zikiwa na ndevu za ukungu. Alimkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mtu anayetoa sadaka. Mheshimiwa alipiga chafya. Picha ikapigwa. Akafuta vidole kwa kitambaa, akaangalia huku na huku, akasema, "Vizuri sana. Vitabu vya zamani hivi. Ni historia. Mvitunze."

"Tunavitunza sana, Mheshimiwa," alisema Mathew.

Na hapo, ndugu yangu, ndipo Chepchirchir alipocheka. Alicheka kwa sauti, mpaka chifu akageuka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Alikuwa ameona kimo chote cha wale watu, na kilikuwa kifupi mno.

Dakika chache tu, maktaba ilikuwa imezinduliwa. Mheshimiwa alitaka kula aende zake. Kamati nzima ilimzunguka, kila mmoja akitaka kuwa karibu na kiwiko chake, wakashuka naye kuelekea nyumbani kwa Mathew kulikokuwa na nyama. Mathew hakuthubutu kubaki nyuma hata hatua moja. Nafasi ya mkono wa kulia ikishikwa na mwingine haipatikani tena. Kufuli alilibeba mkononi bila kujua analibeba. Mlango akauacha wazi.

Chepchirchir alisubiri mpaka kona iwameze.

"Mgeni ameshakula," alisema kwa sauti ya kusikika na wote waliobaki. "Sasa ni zamu ya makombo. Watoto, ingieni!"

Waliingia. Nyanchoka aling'oa misumari ya madirisha kwa mikono, akasukuma, na upepo ukapita mle ndani kwa mara ya kwanza. Wanawake waliunda mstari kama wanavyofanya wakipakia majani kwenye lori, wakapitisha vitabu mkono kwa mkono hadi nje. Na mahali pa kuvianika palikuwapo, tena pakubwa: chai. Chai iliyokatwa na kuchumwa vizuri huwa sawa kama meza, na meza ya Chepchirchir iliteremka mlima mzima. Waliviweka juu yake vikiwa wazi, kurasa juu, huku jua likiwaka. Vingine vilikuwa vimekufa kabisa, hivyo wakavitupa kwenye shimo la taka bila sherehe. Lakini vile vya katikati ya maboksi vilikuwa na uhai. Watoto walitenganisha kurasa kwa vijiti, kwa kucha, kwa pumzi, na kila ukurasa uliokubali, mtu aliusoma papo hapo kwa sauti. Shamba zima likawa linanong'ona.

Arasa alipanda kutoka chini akaja kusaidia. Alianza kubeba.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Kedowa walivikusanya vyote wakavipeleka bandani, wakavipanga juu ya meza ya kuchambulia majani, juu ya magunia makavu. Pale pana paa na hapana kuta, na upepo hauombi ruhusa.

Ndipo Chepchirchir alipokwenda nyuma ya nyumba yake, kwenye kitalu. Alikuwa na miche ya chai aliyoiotesha kwa ajili ya kujazia mapengo, mizuri, imefika kiasi cha kupandwa. Aliibeba kwa karai, akachukua jembe, akarudi maktaba. Akaanza kuchimba mbele ya mlango.

"Unafanya nini?" Nyanchoka aliuliza.

"Shika karai."

Alichimba kuanzia pembe hadi pembe ya ukuta wa mbele, mstari juu ya mstari, karibu karibu, mpaka usawa wa kizingiti. Kila mche aliushindilia udongo kwa visigino, kama alivyofundishwa na Johana. Matone ya kwanza yalipoanguka alikuwa anamalizia wa mwisho. Mvua ilikuwa heri yake. Mche ukinyeshewa siku ya kwanza haurudi nyuma.

Mathew alitokea na chifu chini ya mwavuli mmoja, wameshiba, kijiti cha meno mdomoni, na nyuma yao sehemu ya kamati. Mgeni alikuwa ameondoka. Kufuli lilikuwa mkononi mwa Mathew. Alikuwa amerudi kufunga. Alisimama ghafla. Alitazama makabati matupu kupitia mlango ulio wazi, akatazama ile miche iliyojaa kuanzia kizingitini, akamtazama mwanamke aliyelowa chapachapa ameegemea jembe.

"Umefanya nini, Mama?"

"Nimejazia pengo. Hapa palikuwa na chai. Hata ofisi inajua palikuwa na chai."

"Hii ni nyumba ya umma! Vitabu viko wapi?"

"Viko kwa umma. Wasikilize."

Kutoka bandani, kupitia kelele ya mvua juu ya mabati, sauti za watoto zilisikika zikisoma, kila mmoja chake. Mathew alitema kijiti. "Ng'oa hii miche. Ng'oa sasa hivi!"

Chepchirchir alimnyooshea jembe, mpini mbele. "Ng'oa wewe."

Mathew alishika mpini. Tuseme ukweli, aliushika. Kisha akaona watu: wanawake waliojikinga chini ya ukingo wa paa, wanakamati waliokuwa wakila naye, na Arasa, Arasa mpole, aliyesogea hadi mstari wa mbele na kukunja mikono kifuani, akingoja kuona. Mathew alimgeukia chifu. Chifu alitazama miche, akatazama mawingu, akakohoa.

"Hiyo ni chai, Mzee," chifu alisema. "Imeshaingia ardhini."

"Lakini chifu..."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Anayeng'oa chai anang'oa kijiji."

Chifu aliondoka na mwavuli wake. Mathew alibaki kwenye mvua, jembe mkono mmoja, kufuli mkono mwingine, na koti lake likaanza kunywa maji.

Chepchirchir alichukua jembe lake kutoka mkononi mwa Mathew, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Andika barua ya ruhusa, mwenyekiti," alimwambia. "Unajua inavyochukua muda. Ukiipata, mwalike mgeni aje kuing'oa rasmi."

Alishuka bandani akipangusa mikono kwenye rinda. Watoto walimsogezea nafasi juu ya gunia. Alichagua kitabu kimoja chembamba, jalada lake limebaki kabatini, kina madoa lakini kinafunguka. Kabla ya kuanza aligeuza mpaka nyuma kabisa kuangalia. Ukurasa wa mwisho ulikuwepo. Akarudi mwanzo, akaanza kuwasomea, na lori la kiwanda, kama kawaida yake, lilikuwa bado halijafika.